Wageni wa Mto Androscoggin

Mto Androscoggin hushuka kutoka milima ya New Hampshire, na ukifika Lewiston, katika jimbo la Maine, huporomoka juu ya miamba kwa kishindo kinachosikika darajani hata magari yakiwa mengi. Mji upo hapo kwa sababu ya maporomoko hayo. Katikati ya karne ya 19 matajiri wa Boston waliyaona maji, wakayapigia hesabu ya fedha, wakaajiri vibarua wa Kiayalandi kuchimba mifereji ya kuyachepusha pembeni mwa mto. Kandokando ya mifereji wakajenga viwanda vya nguo vya matofali mekundu, virefu, vyenye madirisha yasiyohesabika. Mgeni anayeingia leo huviona hivyo kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Nilifika Oktoba 2024, kwa gari kutoka Portland, mwendo usiofika saa moja. Majani ya miti yalikuwa yamegeuka rangi ya njano na nyekundu, na asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Mimi ni mzaliwa wa Handeni, na kilichonipeleka Lewiston ni habari niliyokuwa nikiisikia nyumbani kwa miaka mingi: kwamba wako watu wanaoitwa Wasomali Wabantu, ambao mababu zao walichukuliwa kutoka Tanganyika, Msumbiji na nchi za Ziwa Nyasa katika karne ya 19, wakauzwa utumwani kusini mwa Somalia, na kwamba baadhi ya vitukuu wao sasa wanalima mahindi katika mji huu mdogo wa Marekani. Kwa sensa ya 2020 mji una watu 37,121. Nilitaka kujua wanakula nini, wanalipwa na nani, na wanaishi vipi na wenyeji waliowakuta.

Lakini Lewiston haieleweki bila pamba, na pamba haioti Maine. Ilikuja kwa meli kutoka majimbo ya kusini, ilikochumwa na watumwa weusi. Kiwanda kikubwa kuliko vyote kiliitwa Bates, kwa jina la Benjamin Bates, mfanyabiashara wa Boston aliyekianzisha mwaka 1850. Mjini bado wanasimulia jinsi alivyohisi kwamba vita vinakuja, akalimbikiza pamba kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kuanza mwaka 1861. Viwanda vingine vya New England vilipozima mashine kwa kukosa malighafi, vyake viliendelea kufuma. Sehemu ya utajiri huo ilikwenda kwenye chuo kilichopo upande wa pili wa mji, chenye majengo mazuri na viwanja vya majani. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1855 na Wabaptisti waliopinga utumwa, kikapokea wanawake tangu mwanzo, kisha kikaitwa Bates kwa heshima ya mfadhili aliyetajirika kwa pamba ya watumwa. Benjamin Mays, ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani, alihitimu hapo mwaka 1920, na baadaye akawa mwalimu na mlezi wa Martin Luther King. Nilitembea kwenye njia za chuo hicho nikiwa na mambo yote mawili moyoni, na sikuweza kulitenga moja na jingine.

Msomaji wa pwani anakijua kitambaa cha merikani. Kilifumwa jirani na Maine, katika viwanda vya Massachusetts, na wafanyabiashara wa bandari ya Salem wakakileta Unguja kwa wingi baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Kikawa fedha ya misafara. Kwa merikani watu walinunua chakula njiani, wakatoa hongo kwa watemi, wakanunua pembe za ndovu, wakanunua na binadamu. Sidai kwamba nguo za Lewiston zilifika Pangani. Viwanda vyake vilianza baadaye kidogo. Ninachosema ni kwamba pamba iliyochumwa na mtumwa wa Alabama, ikafumwa na msichana mkulima wa New England, iliweza kuvuka bahari mbili na kuwa bei ya mtoto wa Kizigua. Niliposimama ukingoni mwa mfereji nyuma ya kiwanda cha Bates, maji yakiwa meusi na majani makavu yakielea juu yake, sikujiona nipo mbali na nyumbani.

Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe viwanda vya Lewiston viliongezeka, na mikono ikawa haitoshi. Mwaka 1874 reli iliiunganisha Lewiston na njia kuu ya kwenda Kanada, na wakulima maskini wa Quebec wakaanza kumiminika, baba, mama na watoto kumi. Kituo chao cha treni bado kimesimama katika Mtaa wa Lincoln, nyumba ndogo ya matofali. Walijazana karibu na mto, katika mtaa ulioitwa Petit Canada, ndani ya nyumba za mbao za ghorofa tatu au nne. Wakajenga shule zao, wakaanzisha gazeti lao la Kifaransa, Le Messager, lililotoka kwa zaidi ya miaka 80, na wakachanga senti za mishahara ya kiwandani hadi wakapandisha kanisa kubwa la mawe la Petro na Paulo, lenye minara miwili inayoonekana kutoka kila kona ya mji. Ujenzi wake ulimalizika mwishoni mwa miaka ya 1930. Nimeingia makanisa mengi, lakini ni machache niliyoyatazama nikijua kwamba kila jiwe lake lilinunuliwa na mtu aliyekuwa akifuma nguo kwa ujira wa kijungujiku.

Katika makumbusho ya kazi za viwandani nilimkuta bibi mmoja aliyewahi kufanya kazi Bates, ambaye siku hizi hujitolea kuwaonyesha wageni. Alinifungulia tandiko la kitanda, lile lililoifanya Bates ijulikane nchi nzima: pamba nyeupe, nzito, lenye maua yaliyovimba juu ya kitambaa na mashada ya nyuzi pembeni. Kisha akachukua nyuzi mbili, akazifunga fundo kwa vidole vya mkono mmoja, haraka kiasi kwamba ilibidi nimwombe arudie. Alirudia, pole pole zaidi, na bado sikuona ilikopita ncha ya uzi. Uzi ukikatika kwenye mashine, alisema, hukuwa na muda wa kufikiri. Kelele za mashine zilikuwa kubwa hata wanawake wakajifunza kusomana midomo, na mpaka leo yeye na rafiki zake hupiga soga kutoka upande huu wa barabara hadi ule bila kutoa sauti. Mama yake na bibi yake walikuwa wafumaji vilevile. Nilimuuliza kama waliipenda kazi. Aliutazama ule uzi kwanza, halafu akasema waliipenda siku ya mshahara, na waliwapenda wenzao.

Watu hawa hawakupokelewa kwa maua. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilitunga sheria iliyozuia shule za umma kufundisha kwa Kifaransa, na ikadumu kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan ilikuwa na maelfu ya wanachama Maine, na kwa kuwa watu weusi walikuwa wachache mno, chuki yao waliielekeza kwa Wakatoliki wenye asili ya Quebec. Wazee wa leo wa Lewiston ni watoto wa watu hao, na baadhi yao wanakumbuka kuadhibiwa shuleni kwa kuongea lugha ya mama zao. Nalitaja hili kwa sababu ya mambo yaliyokuja baadaye.

Viwanda vilianza kufa baada ya Vita Kuu ya Pili. Wenye mali waliihamishia kazi kusini, ambako ujira ulikuwa mdogo, kisha ng'ambo. Mto wenyewe ulikuwa umekufa kabla yao: viwanda vya karatasi vya juu na miji yote ya kando vilimwaga uchafu humo, hadi harufu yake ikawa inababua rangi za nyumba. Edmund Muskie, mtoto wa fundi cherehani mhamiaji kutoka Poland, alizaliwa kando ya mto huohuo huko Rumford, akasoma chuo cha Bates, akawa seneta, na ndiye aliyesukuma sheria ya maji safi ya mwaka 1972. Maji ni safi leo kuliko wakati wowote tangu viwanda vijengwe, lakini hayazungushi tena mashine ya kufumia hata moja. Idadi ya watu, iliyopita 41,000 mwaka 1970, ilishuka hadi 35,690 mwaka 2000. Vijana waliondoka. Maduka ya Mtaa wa Lisbon yalifungwa, madirisha yakazibwa kwa mbao. Mwaka 2001 kiwanda cha Bates nacho kikafunga milango.

Mwaka huohuo, 2001, familia za kwanza za Kisomali ziliwasili.

Hazikupelekwa huko na serikali. Zilikuwa Portland, ambako nyumba hazikutosha, na nyingine zilitoka Atlanta na miji mingine mikubwa zikitafuta mahali penye kodi nafuu, shule salama na mitaa ambayo watoto wangeweza kulelewa katika dini. Mtu mmoja aliona, akampigia simu binamu, binamu akampigia shemeji. Hivyo ndivyo watu wa Quebec nao walivyokuja, barua kwa barua. Kabla ya 2002 kwisha Wasomali walikuwa wamepita elfu moja.

Katika Mtaa wa Lisbon niliingia duka la mama mmoja aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab na baadaye Nairobi. Nje ubao wa jina ulikuwa wa Kisomali na Kiingereza. Ndani kulikuwa na magunia ya mchele, unga wa mahindi, tende, mafuta ya simsim, nyama ya ngamia iliyoganda ndani ya jokofu, madira na mashungi yaliyotundikwa hadi darini, na pembeni dirisha la kutuma pesa. Harufu ilikuwa ya uvumba na iliki. Nilipomsalimu kwa Kiswahili alicheka, akaniletea kiti, chai ya maziwa na sambusa mbili kabla sijasema nilichokuja kutafuta.

"Mlango huu ulikuwa umefungwa miaka mingi," aliniambia. "Mwenye jengo alifurahi kuniona, kwa sababu hakuna aliyeutaka. Watu walisema tumekuja kula pesa za mji. Mimi kodi ya mlango huu nimelipa mwenyewe tangu nifungue, na hakuna mwezi umeruka."

Binti yake ni muuguzi katika hospitali moja ya mji. Hospitali ndizo waajiri wakubwa siku hizi. Kuna pia ghala kuu la Walmart lililofunguliwa mwaka 2005, kuna ofisi za benki ndani ya majengo yaleyale ya Bates, na kuna kiwanda cha L.L.Bean kinachotengeneza buti za mvua ambazo Wamarekani wamezivaa kwa zaidi ya karne. Wasomali, na Wakongo waliokuja baada yao, wapo katika kazi hizo zote, wengi zamu za usiku. Lakini duka la mama huyu na mengine ya aina yake ndiyo yaliyourudishia uhai mtaa mkuu wa Lewiston, na yalifanya hivyo bila ruzuku, kwa mitaji iliyokusanywa kutoka kwa ndugu.

Oktoba 2002 meya wa wakati huo, Laurier Raymond, aliandika barua ya wazi kwa wazee wa Kisomali akiwaomba wawazuie jamaa zao kuhamia, kwa madai kwamba mji umechoka na hauna uwezo tena. Barua ilizunguka nchi nzima. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi wa rangi kutoka nje kilikuja kufanya mkutano Lewiston. Walihudhuria watu wapatao 30. Siku hiyohiyo, katika baridi kali, watu zaidi ya 4,000 walijaa chuoni Bates kuwaunga mkono Wasomali. Mwaka 2006 mtu alitupa kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wa Mtaa wa Lisbon watu wakiwa katika swala. Yote hayo ni historia ya mji mmoja, na mama wa duka aliyasimulia yote kwa sauti ileile.

Jambo alilolisimulia kwa sauti tofauti ni mpira. Mwaka 2015 timu ya sekondari ya Lewiston, chini ya kocha Mike McGraw, ilichukua ubingwa wa jimbo bila kufungwa mechi hata moja, na msimu mzima ilifunga mabao 113 na kuruhusu 7 tu. Vijana wengi wa timu hiyo walijifunza mpira kwenye vumbi la kambi za Kenya, na kabla ya mechi walishikana mikono na kupiga mwito kwa Kiswahili: "Pamoja, ndugu!" Watoto wenye majina ya Kifaransa waliitikia nao. Fainali walishinda moja kwa sifuri, na mji ukafurika barabarani. Mama wa duka alikuwepo. Alisema siku ile wazee wa Kizungu ambao hawakuwahi kuingia dukani kwake walimpungia mkono kutoka madirishani mwa magari. Baadhi walianza kuja kununua sambusa.

Jumapili nilikwenda kanisa la Petro na Paulo, kwenye misa ya Kifaransa. Viti vya mbele walikaa wazee weupe, wengi wanawake, mikono yao imejaa mishipa. Nyuma yao walikaa Wakongo, wanaume wamevaa suti, wanawake vitenge vya sherehe chini ya makoti ya baridi. Baada ya misa sikuona makundi mawili. Bibi mmoja alimshika mkono mwanamume wa Kikongo na kumuuliza habari za mkewe aliyekuwa amejifungua, na alimuuliza kwa lugha aliyokatazwa kuisema alipokuwa mtoto.

Mwanamume huyo ni mtu wa Bukavu. Alifundisha fizikia huko kwa miaka mingi. Alipovuka mipaka na kufika Maine kuomba hifadhi, alikuta sheria ya shirikisho inayomzuia mwombaji kuomba kibali cha kazi kabla ya siku 150 kupita, na kibali chenyewe hakitoki kabla ya siku 180. Kwa muda huo mwalimu wa fizikia alikula kwa hati za msaada na kulala sehemu aliyopewa, huku waajiri wa mji mzima wakitangaza nafasi za kazi madirishani. Maine ndiyo jimbo lenye watu wenye umri mkubwa kuliko majimbo yote ya Marekani, na Lewiston inahitaji mikono vibaya mno. Sioni sababu yoyote ya busara ya kumfungia mtu mwenye nguvu ndani kwa nusu mwaka na kisha kumlaumu kwamba anakula bure.

Sasa anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Alinieleza juu ya mmoja wao, mama aliyepita miaka tisini, ambaye kumbukumbu zake za Kiingereza zimepotea na kubaki Kifaransa cha utotoni tu. Wauguzi wengine hawamwelewi. "Huyu mama alitumika ku usine miaka makumi ine," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Usiku anaamka, anafikiri machine inamungojea. Mimi namwambia, mama, kazi imeisha, lala." Usiku, vidole vya mama huyo huendelea kufunga fundo juu ya shuka. Aliponionyesha jinsi vinavyokwenda, niliutambua mwendo ule mara moja.

Nilimuuliza kama hasikitiki kuacha ualimu. Alisema anasikitika sana, na anasomea mitihani ya kumrudisha darasani, lakini vyeti vyake vya Bukavu vinazunguka kutoka ofisi hadi ofisi. Mji wenye upungufu wa walimu unamtumia mwalimu kubadilisha mashuka. Kazi hiyo anaifanya kwa heshima na mapenzi ya kweli, nami niliona. Bado ni hasara, kwake na kwa watoto wa Lewiston.

Nilikuwa mjini siku za kumbukumbu ya mwaka mmoja. Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mwenye bunduki aliingia ukumbi wa boling na kisha baa, akaua watu 18. Mdogo wao alikuwa na miaka 14, mkubwa 76. Wanne walikuwa viziwi, waliokuwa pamoja wakicheza na rafiki zao. Kwa siku mbili mji ulijifungia ndani huku muuaji akitafutwa. Mama wa duka alisema kwamba kwa wengi wao waliokimbia Kismayu na Mogadishu, usiku ule ulifufua mambo waliyodhani wameyazika, na asubuhi milango ilipofunguliwa walipika wali na kuupeleka kwa majirani, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya palipo na msiba. Ukumbi wa boling ulifunguliwa tena Mei 2024. Nilipita nje jioni. Ulijaa watu.

Mitaa iliyo nyuma ya Lisbon ina majina ya miti, Birch, Pine, Ash, Walnut. Hapo ndipo zilipo nyumba za mbao walizokaa watu wa Quebec, na sasa wanakaa Wasomali, Wabantu, Wakongo na Wazungu maskini. Ngazi za nje zimepinda, rangi imebanduka. Rangi hiyo ndiyo adui. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini ya risasi mwaka 1978, lakini nyumba hizi ni za zamani zaidi ya hapo, na kila dirisha linapofunguliwa na kufungwa hutoa vumbi la sumu. Mtoto anayetambaa hulilamba vidoleni. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayarudishiki nyuma. Watoto wa Lewiston wamepimwa na kukutwa na viwango vya juu kuliko karibu sehemu yoyote ya Maine. Mwaka 2021 serikali kuu iliupa mji dola milioni 30 za kujenga upya sehemu ya mitaa hiyo, na nyumba mpya zinainuka. Lakini familia nyingi bado zinalipa kodi kwa wenye nyumba wasioishi mjini na wasiojali madirisha.

Siku nyingine nilipakiwa kwenye gari kwenda shambani. Jumuiya ya Wasomali Wabantu ya Maine ina ardhi ya ekari 107 katika kijiji cha Wales, mwendo mfupi kutoka Lewiston, waliyoipata mwaka 2020 kwa msaada wa shirika linalonunua mashamba na kuyaweka mikononi mwa wakulima kwa kudumu. Kabla ya hapo walikodi vipande hapa na pale, wakiwa hawana uhakika wa msimu ujao. Wakulima karibu wote ni watu wazima waliolima Bonde la Juba kabla ya vita vya 1991. Kila familia ina ngwe yake ya chakula cha nyumbani, na wanaotaka kuuza huungana vikundi vidogo, hulima pamoja, na kugawana mapato. Mahindi yao ni ya punje ngumu, ya kusaga unga. Baridi ilikuwa imekwisha kuua majani, na mahindi yalikuwa yametandazwa ndani ya kitalu cha plastiki yakikauka. Mama wa makamo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akimenya maganda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Tanzania, mama. Tanga, Handeni."

Mikono yake ilisimama. "Handeni ya Chogo?"

Dada zake wawili wapo Chogo. Vita vilipowatawanya, wengine walitembea hadi Kenya, na wengine walipanda majahazi kuteremka Tanga. Tanzania iliwapokea, ikawapa ardhi Chogo wilayani Handeni, na hatimaye wengi wakapewa uraia, katika nchi waliyotolewa babu za babu zao. Yeye alikwenda Dadaab, kisha Kakuma, na alikuwa miongoni mwa Wabantu wapatao 12,000 ambao Marekani iliwakubali kwa pamoja na kuanza kuwapokea mwaka 2003. Wengi wa Wabantu wa Lewiston wanatoka vijiji vya Juba ya kati na husema Kimaay. Familia yake ni ya chini zaidi mtoni, ambako Kizigua hakikufa. Alianza kunisemesha, nami nikamjibu, na kwa muda mrefu hatukuzungumza habari za uchumi.

Tulipozirudia, alikuwa na malalamiko ya mkulima wa kweli. Msimu ni mfupi. Mbegu za mahindi ilibidi zichaguliwe miaka kadhaa ili zikomae kabla ya barafu. Kusaga ni ghali. Wateja wa sokoni wanataka mboga nzuri za kupiga picha, wakati yeye anataka kulima kunde na mahindi. Mbuzi wanaochinjwa kwa halali wanauzika vizuri, lakini nyasi za baridi zinanunuliwa. Hakusema kwamba anaipenda ardhi ile. Alinionyesha tu kipande alichokuwa amekipanda vitunguu saumu kwa ajili ya mwaka ujao, kikiwa kimefunikwa majani makavu, mistari yake imenyooka.

Kijana wake wa kiume ndiye aliyeturudisha mjini. Anafanya zamu ya usiku kiwandani na anasomea leseni ya kuendesha malori makubwa. Njiani aliniambia wanataka kuinunua nyumba ya ghorofa tatu wanamopanga. Mwenye nyumba amezeeka na yuko tayari kuuza. Mkopo wa benki una riba, na mama yake hataki kusikia riba ikitajwa. Basi wamefanya upatu, watu kumi na wawili, wengi madereva na wauguzi, na wamekubaliana familia yao ipokee mapema ili walipe sehemu ya kwanza. Iliyobaki mzee amekubali kulipwa kidogo kidogo kwa mkataba wa mwanasheria. Ghorofa moja wataishi wao, mbili watapangisha. Nilimuuliza nini kitafanyika kwanza, paa au ngazi, kwa maana vyote nilivyoviona vilikuwa vimechoka. Alisema paa linaweza kungoja msimu mmoja. Madirisha kwanza, yote ishirini na mawili, rangi ikwanguliwe hadi kwenye mbao kabla mtoto wa dada yake hajaanza kutambaa.